FAHAMU MAZINGIRA YAKO: Kwa nini chemchemi za Bogoria hazina ratiba

Mgeni anayefika Loburu, ukingo wa magharibi wa Ziwa Bogoria katika Kaunti ya Baringo, huuliza swali moja: maji yatafoka saa ngapi? Hakuna saa maalum. Chemchemi inayorusha maji kila baada ya dakika chache leo inaweza kunyamaza mwezi ujao, na shimo lililonyamaza linaweza kuamka ghafla. Kuelewa sababu zake ni suala la usalama kwa wakazi, wafugaji na wageni.

Jinsi maji yanavyofoka

Maji huzama ardhini kupitia nyufa za Bonde la Ufa, hupashwa moto na miamba iliyo kina kirefu, kisha hupanda tena. Yakifika kwenye mapito membamba, yale ya chini hubanwa na uzito wa yaliyo juu. Kwa sababu hiyo, yanaweza kuwa moto kuliko maji yanayochemka kwenye sufuria bila kuchemka. Bogoria iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji ya juu huchemka kwenye nyuzi 97 hivi.

Mapovu ya mvuke yakimwaga maji kidogo ya juu, uzito hupungua. Papo hapo maji ya chini hugeuka mvuke na kurusha yote angani. Shimo hujaa tena, na mzunguko huanza upya.

Kinachobadilisha mwenendo

• Kiwango cha ziwa: Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, Ziwa Bogoria limepanuka na kufunika baadhi ya chemchemi. Maji ya ziwa huongeza uzito na kupoza shimo, hivyo maji hayarukii tena juu. Hata hivyo, moto ulio chini haujazimika.

• Mitetemeko ya ardhi: Hufungua au kuziba nyufa. Chemchemi ya Old Faithful nchini Marekani, iliyosifika kwa kutunza saa, ilianza kuchelewa zaidi baada ya tetemeko la mwaka 1959. Miaka ya 1950 ilifoka kila baada ya dakika 65 hivi. Siku hizi ni karibu dakika 90.

• Madini: Maji huacha ukoko unaopunguza upana wa mapito.

• Binadamu: Mawe na takataka zinazotupwa shimoni huziba njia ya maji, na chemchemi inaweza isifoke tena.

Tahadhari kwa wakazi

1. Usikaribie shimo kwa sababu tu limetulia. Ukoko wa kando unaweza kuwa mwembamba na kuvunjika chini ya mguu.

2. Usiingie majini karibu na chemchemi zilizofunikwa na ziwa. Hatua moja inaweza kuwa vuguvugu, inayofuata ikaunguza.

3. Wanaochemsha mayai wawashike watoto mkono na kufuata maelekezo ya waelekezi. Mifugo nayo izuiwe.

4. Aliyeungua apozwe kwa maji safi baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitalini. Asipakwe mafuta wala dawa ya meno.

Chemchemi hizi huleta wageni na riziki. Kuzitunza ni kuziachia njia yake, na kukaa mbali nayo.