Kabla ya Kubeba Vyombo Kwenda Tetu

*Sisi tunaishi Mikindani, Mombasa. Mume wangu ni mtu wa Tetu, Nyeri, na tangu babake afariki ameamua turudi tukae shambani. Mimi ni mshonaji, kazi yangu inaweza kuhama. Kinachoninyima usingizi ni watoto. Msichana yuko Gredi ya 6, mvulana anamaliza chekechea, na hakuna anayejua Kikuyu. Wifi yangu anasema shule za umma za kijijini kwao zimekwisha, zimebaki majengo tu. Yuko tayari kusaidia karo ili msichana aende akademi ya bweni upande wa Kieni. Mume wangu amekubali shingo upande. Wengine wanatuambia Nyeri ndiko kwenye shule, tusiogope. Karo ya akademi kwa watoto wawili hatuna. Nitajuaje kama shule ya umma ni nzuri kabla hatujahama?*

*Mama Wawili, Mombasa*

Mama Wawili, poleni kwa msiba, na umefanya vyema kuuliza mapema.

Nianze na hao wanaokwambia Nyeri ndiko kwenye shule. Hawakudanganyi, ila wanazungumzia Kagumo, Nyeri High, Bishop Gatimu Ngandu kule Karatina, na Tumutumu. Hizo zote ni sekondari za juu, na binti yako ana miaka mitatu kabla ya kufika huko. Tena, nyumba iliyo karibu na lango la Kagumo haimpi mtu nafasi Kagumo. Wizara ndiyo inayogawa nafasi za Gredi ya 10, kufuatana na matokeo ya mtoto katika tathmini ya KJSEA, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, na shule na mkondo aliochagua. Hayo yaache hadi afike Gredi ya 9. Shida yako ya leo ni Gredi ya 7, na Gredi ya 7 inasomewa katika boma lile lile la shule ya msingi ya kijiji, chini ya mwalimu mkuu yule yule. Majina makubwa hayatakusaidia hapo.

Hata alama za zamani hazitakusaidia. Utakutana na watu watakaokutajia wastani wa KCPE wa shule fulani kana kwamba ulitoka juzi. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na watoto walioifanya wameshaondoka pale. Tathmini ya KPSEA ya Gredi ya 6 haipangi shule kwa nafasi, wala haimzuii mtoto kuingia Gredi ya 7.

Sasa maneno ya wifi yako. Usiyatupe, maana kuna ukweli ndani yake, ingawa umekaa mahali pengine, si pale anapouona yeye. Familia za Nyeri siku hizi zina watoto wachache, vijana wengi wako Nairobi, na wenye uwezo wamewapeleka wa kwao akademi. Kwa hiyo utakuta shule iliyojengwa na wazazi kwa harambee, yenye madarasa ya mawe na uwanja mzuri, na watoto mia moja na ishirini tu ndani. Mgeni akiona darasa la watoto kumi na wanne hufurahi, akisema mwanangu ataangaliwa. Subiri kwanza upige hesabu. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Watoto 120 huleta shilingi 170,400, na hiyo ndiyo ya chaki, vitabu vya ziada, umeme, maji na ukarabati, mwaka mzima, ikifika kwa wakati. Kwa sekondari msingi, inayoanzia Gredi ya 7, mgao uliwekwa kuwa 15,042 kwa mtoto. Darasa la watoto thelathini si haba, darasa la watoto tisa ni mashaka. Walimu nao hupangwa na tume ya walimu, TSC, kufuatana na idadi ya wanafunzi na madarasa, kwa hiyo shule ikipungukiwa na watoto hupungukiwa na walimu pia.

Hapo ndipo ninapotaka uelekeze macho yako. Shule ndogo inaweza kuwa nzuri sana kwa mvulana wako wa Gredi ya 1, ambako mwalimu mmoja mwenye moyo anatosha darasa zima. Shule hiyo hiyo inaweza kuwa mbaya kwa dada yake. Gredi ya 7 ina masomo tisa, kuanzia Hisabati na Sayansi Jumuishi hadi Kilimo na Sanaa, na yanahitaji watu waliosomea kuyafundisha. Si lazima watoto wako waende shule moja. Wazazi wengi hulisahau hilo, wakatafuta shule moja ya kuwatosha wote, wakampata mmoja na kumpoteza mwingine.

Kwa hivyo safiri uende wewe mwenyewe. Nenda siku ya kazi, Jumanne au Jumatano, asubuhi, wakati wa muhula. Siku ya wazazi haifai, siku hiyo kila kitu kimepigwa deki. Jitambulishe kwa mwalimu mkuu, mwambie unataka kuleta watoto. Katika shule inayopungukiwa na wanafunzi utapokelewa kwa mikono miwili, na hapo ndipo pa kuuliza bila haya.

Omba uione ratiba ya masomo. Hubandikwa ukutani katika chumba cha walimu, na katika kila kisanduku, chini ya jina la somo, huwa kuna herufi za mwanzo za jina la mwalimu. Fuata mstari wa Gredi ya 7 kwa kidole, Jumatatu hadi Ijumaa. Ukiona herufi za watu wawili tu zikizunguka wiki nzima, watu hao wawili wanafundisha masomo tisa, na hata wawe hodari vipi, yapo wanayobahatisha. Ukiona watu watano au sita, umepata shule. Kisha uliza nani kati yao ameajiriwa kwa kudumu na nani ni mwanagenzi wa mkataba. Wanagenzi wengi ni vijana wenye bidii, ila mkataba wao ukiisha, Januari unaweza kukuta kiti kitupu. Uliza pia nani anafundisha Sayansi, na watoto hufanyia wapi majaribio. Shule nyingi za msingi hazikujengwa na maabara. Nyingine zimeelewana na sekondari jirani, watoto huvuka kwenda kutumia maabara huko. Mwalimu mkuu aliyefanya mpango wa namna hiyo ni mtu wa kumshika mkono.

Omba pia daftari la mtoto yeyote wa Gredi ya 7, la Hisabati. Tazama tarehe. Kazi inafuatana siku kwa siku, au kuna mapengo ya wiki mbili? Penye kosa, mwalimu ameandika kitu, au ni alama ya vema ya haraka tu? Mtu wa Mikindani asiyejua neno la Kikuyu anaweza kulisoma daftari hilo vizuri kama mwenyeji.

Vyoo navyo uvikague mwenyewe, usione aibu. Viwango vya serikali vya vyoo vya shule vinataka tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Binti wa Gredi ya 7 anahitaji mlango wenye komeo na maji karibu, na asipovipata huenda akakosa masomo siku kadhaa kila mwezi. Ukitoka langoni, tazama kando ya barabara. Sheria ya vileo ya 2010 hairuhusu baa ndani ya mita 300 za shule, na nyanda hizi za Mlima Kenya zimepoteza vijana wengi mno kwa pombe. Ukikuta baa mkabala na lango, jiulize bodi ya shule na wazazi wenzako wako wapi. Halafu tembea njia atakayopita mtoto, kutoka boma la mavyaa wako hadi darasani. Tetu ni migongo na mabonde. Shule unayoiona ng'ambo inaweza kuwa mwendo wa saa nzima, kushuka mtoni na kupanda tena, kwenye matope na ukungu wa Julai.

Ukikuta kasoro, ujue pa kuipeleka. Watu hukimbilia kwa gavana. Lakini kwa Katiba ya 2010, kaunti inasimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Walimu wa Gredi ya 1 hadi sekondari ni wa TSC, na shule ni za Wizara ya Elimu. Anayekusikia kwa karibu ni bodi ya usimamizi, na wazazi wana viti humo.

Kuhusu Kikuyu, wasiwasi wako ni wa haki zaidi kwa mvulana kuliko kwa msichana. Sera inataka chekechea hadi Gredi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya mazingira yao, na Tetu lugha hiyo ni Kikuyu. Muulize mwalimu wa Gredi ya 1 waziwazi atamfanyia nini mtoto anayeingia na Kiswahili peke yake. Akikujibu kwa mpango, mwache mtoto hapo, na kabla ya kufungua shule akae na nyanya yake wazungumze. Akikuambia "atazoea", tafuta shule ya mjini Nyeri au Kiganjo, ambako watu ni mchanganyiko na Kiswahili kinasikika zaidi darasani. Msichana atakuwa na Kiingereza darasani. Kikuyu atakipata uwanjani.

Sasa bweni. Wifi yako anakupenda na hela zake ni za heshima, lakini hapa sikubaliani naye, na nakuomba umwambie mume wako hivyo. Mtoto wa miaka kumi na mbili anayehamishwa kutoka pwani hadi kwenye baridi ya Kieni, ametoka kumpoteza babu, hajui lugha, asilale pia mbali na mama yake mwaka huo huo. Tena usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 moto uliteketeza bweni la wavulana huko Endarasha, Kieni, na watoto 21 wakafa. Hakuna mzazi wa Nyeri aliyesahau. Ikiwa familia itashikilia bweni hata hivyo, usilipe shilingi moja kabla ya kuingia ndani ya chumba cha kulala. Mlango uwe kila upande na wa dharura katikati, yote ifunguke kwa nje. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda iwe mita 1.2. Uliza funguo hukaa kwa nani usiku. Wakikukataza kuingia, ondoka.

Muombe wifi yako msaada wa aina nyingine. Nauli ya msichana kwenda shule ya kutwa ya umma yenye walimu kamili, hata kama si ile ya kijijini, ni ndogo kuliko karo ya bweni, na jioni atarudi kwako. Mfano upo: mnamo 1947, mamake Wangari Maathai alitoka kwenye shamba la mzungu huko Nakuru, ambako watoto hawakuwa na shule, akarudi Ihithe, hapo hapo Tetu, ambako wanawe wakubwa walikuwa wakisoma. Wangari akaanza shule ya msingi ya Ihithe akiwa na miaka minane, akitoka nyumbani kwa mamake. Bweni la Mathari lilikuja baadaye, akiwa ameshashika masomo.

Mwacheni msichana amalizie Gredi ya 6 na afanyie KPSEA hapo Mombasa, ambako amesajiliwa. Uhamisho wenyewe hupitia kwenye mfumo wa wizara: mwalimu mkuu wa shule anayotoka humwachilia, wa shule mpya humpokea, na cheti cha kuzaliwa lazima kiwepo. Shule hufungwa mwishoni mwa Oktoba. Msiache jambo hilo hadi Desemba, ofisi zikiwa zimefungwa.