Somo la wiki: kupanga na kupangisha

 

Mama anataka kuuza kanga kwenye intaneti. Duka lake litakaa ndani ya seva, yaani kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana. Je, anunue seva yake? Itamdai umeme, kiyoyozi na fundi. Kwa kuanzia apange nafasi ndogo. Wateja wakizidi, aongeze. Mama anapanga, kampuni inapangisha.

Ila nakala ya duka aiweke pia mahali pengine. Machi 2021 jengo la seva liliungua Strasbourg, Ufaransa. Waliokuwa na nakala humo humo tu walipoteza kila kitu. Mimi nesi, nasema: kinga ni bora kuliko tiba.

Zoezi: tungeni sentensi mbili, moja ya kupanga, moja ya kupangisha.