Umejinunulia Alamu ya Wezi? Soma Haya Kabla Fundi Hajatoboa Ukuta

Kabla ya mapambazuko, vituo vya matatu vya Kitengela, Ongata Rongai na Ngong huwa tayari vimejaa wakazi wanaoelekea kazini Nairobi. Nyumba nyingi hubaki tupu hadi jioni, au hubaki na yaya na watoto. Si ajabu basi kwamba alamu za wezi zisizotumia nyaya, zinazouzwa kwa boksi katika maduka ya Luthuli Avenue na mitandaoni, zimepata wanunuzi. Ndani ya boksi huwa na kisanduku kikuu, king'ora, sensa za mwendo, sumaku za mlangoni na rimoti. Mwongozo husema mwenye nyumba anaweza kuifunga mwenyewe. Wengi hujaribu, utepe wa gundi huachia plasta baada ya majuma machache, na hapo ndipo fundi hutafutwa.

Fundi huyo naye mara nyingi husita kufunga kifaa ambacho hakukiuza. Ana sababu: sensa ikifa baada ya mwezi, lawama humwangukia yeye. Njia nzuri ni kukubaliana mapema kwamba fundi anawajibika kwa kazi yake, na muuzaji kwa kifaa. Kisha, kabla ya drili kugusa ukuta, kila kitu kiwekwe mezani, kiwashwe, kila sensa isajiliwe kwenye kisanduku na ijaribiwe mbele ya mwenye mali. Kilichokufa kirudishwe dukani na risiti yake, kikiwa bado hakijatobolewa.

Kuhusu nani aitwe, Sheria ya Kudhibiti Huduma za Ulinzi Binafsi ya mwaka 2016 iliunda mamlaka ya kusajili wanaotoa huduma za ulinzi, kwa hivyo mkazi ana haki ya kumuuliza fundi au kampuni kama wamesajiliwa. Ikiwa kazi itahitaji kuvuta nyaya za stima kwa ajili ya soketi mpya, hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA.

Tatizo linalosumbua zaidi huku kwetu ni milango ya chuma. Sumaku ndogo zinazokuja na boksi zilitengenezwa kwa kufikiria milango ya mbao. Zikibandikwa juu ya chuma, chuma huvuta nguvu ya sumaku pembeni, na swichi iliyo upande wa pili hushindwa kuihisi vizuri. Mlango ukitikiswa na upepo wa uwanda wa Athi, ambao wakazi wa Kitengela wanaujua, alamu hulia bila mwizi. Baada ya usiku wa tatu wa makelele, mwenye nyumba huizima na kuiacha hivyo. Fundi anayejua kazi ataweka kipande cha plastiki au mbao kati ya sumaku na chuma, au atashauri zinunuliwe sumaku nzito za milango ya chuma. Ile sehemu yenye betri na antena ataifunga ukutani au kwenye fremu ya mbao, kwa sababu chuma huzuia pia mawimbi ya redio. Ndiyo sababu kisanduku kikuu hakifai kufichwa ndani ya kabati la chuma wala nyuma ya friji.

Sensa ya mwendo haioni mtu. Huhisi joto la mwili linapopita mbele yake. Humtambua haraka anayekatiza chumba kuliko anayeijia moja kwa moja. Kwa hivyo hufungwa pembeni, mita mbili hivi kutoka sakafuni, ikitazama mahali ambapo mtu lazima akatize. Isielekezwe kwenye dirisha linalopigwa na jua la jioni wala kwenye jiko. Mjusi akitembea juu ya kioo chake anatosha kuamsha mtaa mzima, kwa hivyo ipanguswe mara kwa mara. Huko Magadi, ambako joto la mchana hukaribia la mwili wa binadamu, sensa hizi hupungua makali. Sumaku za milango na madirisha ndizo za kutegemewa zaidi.

Halafu kuna stima. Zikipotea, waifai huzimika, na alamu inayotegemea waifai pekee haitatuma ujumbe hata kama king'ora chake kingali kinalia kwa betri. Inayotumia laini ya simu ina nafuu, mradi laini iwe imesajiliwa kwa jina la mwenye nyumba, namba ya siri ya kadi iwe imeondolewa, na salio liwepo. Salio lililoisha halionekani hadi siku ya wizi. Fundi aombwe kuchomoa kisanduku kwenye soketi na kufanya majaribio yote upya kwa betri.

Namba ya kwanza ya kupigiwa isiwe ya mtu aliyekwama kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa. Iwe ya jirani anayeaminika, au mwenzako wa Nyumba Kumi aliyekubali jukumu hilo. Akithibitisha kuna tatizo, asijaribu kumkabili mwizi. Apige 999 au 112. Majirani waambiwe pia siku ya majaribio.

Kuna jambo ambalo watu huona haya kulisema mbele ya fundi. Akimaliza, fundi anajua nyumba nzima: mlango usio na sensa, namba ya siri, na pengine simu yake ndiyo iliyotumika kusajili programu. Fundi mwaminifu hatakasirika akiombwe afute namba yake. Programu isajiliwe tangu mwanzo kwa simu ya mwenye nyumba. Akishaondoka, namba ya siri ya mtumiaji ibadilishwe, na ile ya fundi pia, kwa maana visanduku vingi hutoka kiwandani na namba rahisi iliyochapwa kwenye mwongozo ambao yeyote anaweza kuusoma. Rimoti zihesabiwe. Yaya apewe namba yake mwenyewe kama kisanduku kinaruhusu, ili akiacha kazi ifutwe hiyo peke yake, na aonyeshwe kitufe cha dharura kabla ya fundi kufunga mkoba wake.