Maji Yakimwagika Huzoleka: Somo Kuhusu Maji Taka ya Eastlands



Tangu shule ya msingi tumefunzwa kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii ni tamu, na ukiimalizia insha kwayo mwalimu hakosi kukuongeza alama. Lakini mimi nimejaribu kuyafuata maji tunayoyamwaga kutoka Kaloleni na Makongeni hadi Umoja, Kayole na Komarock, nikaona kwamba wahenga wetu hawakuwahi kufika Ruai. Huko maji yaliyomwagika huzolewa usiku na mchana. Linalonikera ni kwamba yakisha kuzolewa na kusafishwa, tunayamwaga tena mtoni!

Tuanze na safari yenyewe. Nairobi imeinama kuelekea mashariki, kwa hivyo mabomba makubwa ya maji taka yamelazwa kandokando ya mito, na uchafu hujiendea wenyewe bila kusukumwa na pampu. Yako mahali mawili makuu pa kusafishia. Pa kwanza ni Kariobangi, palipojengwa miaka ya 1960, ambapo pana uwezo wa kusafisha mita za ujazo 32,000 kwa siku. Pa pili ni pakubwa zaidi, pana uwezo wa mita za ujazo 160,000, nako huitwa Dandora ingawa kuko Ruai, mbali sana na mtaa wa Dandora. (Jina hili limewapoteza watu wengi. Ukimwambia makanga wa matatu akushukishe "Dandora kwa maji taka", utajipata karibu na lile jaa la takataka.)

Sasa chukua kalamu. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20, ile ya manjano tunayoijua sote. Hata tukisema kwamba Ruai inapokea nusu tu ya uwezo wake, hiyo ni mitungi milioni nne kwa siku. Milioni nne! Na huku mitaani kwetu mfereji hutoa maji kwa zamu, na siku zisizo za zamu kijana wa mkokoteni hujipangia bei anavyotaka. Maji hayo yametoka mbali pia. Mengi yake hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, yakatiwa dawa na kusafirishwa kwa mabomba hadi kwetu. Tunayatumia mara moja, pengine kwa kusukuma choo, halafu kwaheri.

Yanakwenda wapi? Mto Nairobi huingia mto Athi, Athi ukifika chini huitwa Galana, na Galana hugeuka Sabaki unaomwaga maji katika Bahari Hindi karibu na Malindi. Kwa hivyo maji ya choo cha Umoja husafiri mpaka Pwani kwa Waswahili wenyewe, bila tiketi.

Ruai husafishaje? Wengi wetu tukisikia "mitambo" hufikiria magurudumu na moshi. La hasha. Ruai ni mabwawa tu, mabwawa makubwa mno yaliyopangwa moja baada ya jingine, miongoni mwa makubwa zaidi ya aina yake barani Afrika, na kazi nyingi hufanywa na jua. Maji huingia kwanza yakiwa meusi na yenye harufu unayoijua. Uzito hutuama chini, na bakteria wasiohitaji hewa huula. Kisha maji hupita katika mabwawa mapana yasiyo na kina kirefu, ambamo mwani wa kijani humea. Hapa ndipo pana ajabu iliyonifurahisha kuliko zote. Mwani, ukipata jua, hutoa oksijeni. Bakteria huitumia oksijeni hiyo kula uchafu, nao hutoa hewa ya kaboni. Mwani huitumia kaboni hiyo kukua. Kila mmoja ni mpishi wa mwenzake. Mchana mwani ukifanya kazi sana maji hugeuka kuwa na ubesi mkali, na ubesi huo pamoja na miale ya jua huwaua bakteria wa tumboni. Mayai ya minyoo nayo, kwa kuwa ni mazito, huzama polepole katika siku hizo zote za kungoja. Hakuna haraka. Ndege wa majini wamepapenda mahali hapa hata watazamaji wa ndege hufunga safari kuwaona, na viboko wamewahi kuonekana mle. Kiboko hajui kusoma ilani ya mipaka.

Kariobangi ni tofauti. Pale maji hupitishwa vyujio, hutuamishwa katika matangi, kisha hunyunyiziwa juu ya mawe yaliyotandwa utelezi wa vijidudu. Kazi ni ya haraka na nafasi inayohitajika ni ndogo, lakini maji hayakai muda mrefu juani, na hivyo vijidudu vya maradhi hubaki wengi zaidi. Likumbuke jambo hili, tutalirudia.

Baina ya Kariobangi na Ruai, pande za Njiru na Maili Saba, watu wamelima kwa maji taka kwa miaka mingi. Watafiti waliandika habari zao tangu miaka ya 1990 kwenda mwanzo wa 2000. Mbinu yenyewe ni rahisi: unafungua shimo la bomba kuu, lile tunaloliita manholi, unalizibia kwa magunia au mawe, maji yanafurika na kufuata mitaro hadi shambani. Kinachomea humo ni sukumawiki, spinachi, nduma, miwa, mahindi na nyasi za ng'ombe. Kinauzwa wapi? Rafiki yangu, wewe na mimi tumekila.

Nilizungumza na mama mmoja mkulima wa huko, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa kuziba manholi ni kosa kisheria. Nilimwuliza kama haogopi.

"Kijana wangu," akasema, "mimi nimesomesha watoto na hii maji. Mvua ikikataa, mwenye kulima na mvua analia. Mimi silii."

Nikamwambia kwamba mbele kidogo maji yayo hayo hutoka yakiwa safi zaidi. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa mjini.

"Na hiyo safi italeta sukuma kama hii? Hii maji ndiyo mbolea. Ukitoa uchafu umetoa mbolea. Nitanunua mbolea na nini?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo, na naona ndilo swali kuu kupita yote, maana mama huyu si mjinga. Anajua hesabu ya shamba lake kuliko mimi. Basi nikalitafutia jibu, na jibu ni hili: mabwawa ya aina ya Ruai huondoa vizuri kile kinachotuua kuliko kile kinachoilisha mimea. Mayai ya minyoo huzama na bakteria hufa. Lakini kiasi kizuri cha naitrojeni na fosforasi, ambazo ndizo chakula cha mboga, hubaki ndani ya maji. Ndiyo maana maji yanayotoka hubakia na rangi ya kijani. Kwa hivyo mbolea ya mama haipotei yote. Kinachopotea hasa ni maradhi.

Na maradhi si hadithi. Chukua mchango, ule mnyoo mrefu wa tumboni. Jike mmoja hutaga mayai yapata 200,000 kwa siku, na mayai hayo huweza kukaa udongoni miezi na miezi yakimngoja mtu. Mkulima asiyevaa gambuti, mtoto anayecheza mtaroni, mlaji wa kachumbari, wote wako hatarini. Taifodi na kipindupindu husafiri kwa njia iyo hiyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1989 kwamba maji ya kunyunyizia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi yai moja la mnyoo kwa lita, wala bakteria 1,000 wa kinyesi kwa kila mililita 100. Kanuni zetu za Kenya za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilifuata vipimo vya namna hiyo. Mwaka huo huo wa 2006 Shirika hilo lilitoa mwongozo mpya unaosema, kwa maneno yangu, usitegemee ukuta mmoja. Safisha maji kadiri uwezavyo, halafu mimina kwenye udongo badala ya juu ya majani, acha kunyunyizia siku kadhaa kabla ya kuvuna, vaa viatu, osha mboga kwa maji safi sokoni, na uzipike. Hapo kwenye kuosha pana kazi: muuzaji akiloweka mboga katika karai la maji ya mtoni ili zing'ae, kazi yote ya mkulima mwangalifu imekwenda na upepo.

Liko jambo moja ambalo jua la Ruai haliliwezi. Eastlands inapakana na Eneo la Viwanda, na mafundi wetu wa betri, rangi na magari wako kila pembe. Risasi, kadimiamu na kromiamu zikiingia bombani hazifi, kwa sababu hazikuwa hai. Nyingi hutuama kwenye tope la bwawani, nyingine huendelea na safari, na mmea huweza kuzivuta. Kuosha na kupika hakuziondoi. Dawa yake iko kwenye mlango wa kiwanda, kabla uchafu huo haujachanganyika na wetu. Mimi naona hapa ndipo ukali wa sheria ungeanzia, kabla ya kumkimbiza mama na magunia yake.

Je, wenzetu wamefanya nini? Windhoek, mji mkuu wa Namibia, umekuwa ukiyasafisha maji taka hadi yakanywewa tangu mwaka 1968, na mwaka 2002 ukafungua mtambo mpya mahali pale pale Goreangab. Ni nchi ya jangwa, hawakuwa na la kuchagua. Kule Muscat, Oman, ambako Waswahili wengi wana jamaa, miti na maua ya kando ya barabara hunyweshwa maji ya namna hii. Na kwa yule atakayeuliza habari za najisi (nimeulizwa na rafiki yangu wa Pumwani, na ni swali la haki), mwaka 1978 baraza la maulamaa wakuu wa Saudi Arabia lilitoa fatwa kwamba maji taka yakisafishwa hadi rangi, ladha na harufu ya najisi zimeondoka kabisa, yametoharika.

Mimi sisemi Eastlands tuyanywe. Hatujafika huko, na kwa mitambo ya mabwawa hatuwezi. Lakini tazama kazi ambazo hazihitaji maji ya Ndakaini: kukoroga saruji katika maghorofa yanayochipuka Umoja na Kayole kila juma, kumwagilia miti, kupooza mashine za viwandani, kukuza nyasi za ng'ombe. Kila mtungi wa maji yaliyosafishwa ukiingia huko, mtungi mmoja wa maji safi umebaki kwa jikoni.

Kizuizi ni kilima. Kumbuka nilisema mji umeinama. Ruai iko chini, mitaa iko juu. Kuyarudisha maji Kayole ni kuyapandisha kwa pampu na stima. Kariobangi iko katikati ya mitaa, lakini maji yake hayajakaa juani vya kutosha. Kwa hivyo nadhani maji ya Ruai yatumike huko huko, yaende kwa mitaro halali hadi mashamba ya nyanda zilizo chini yake, na wakulima wa Maili Saba wapewe nafasi ya kwanza huko badala ya kufukuzwa tu. Ya Kariobangi yaongezewe mabwawa machache ya mwisho, kisha yauziwe wajenzi.

Mabwawa yanataka ardhi, na ardhi huku ni moto. Mwezi wa Mei 2020, wakati wa korona na mvua, maelfu ya watu walibomolewa nyumba Kariobangi kwenye ardhi iliyosemekana kuwa ya mitambo, na mwaka huo huo Serikali ikatangaza kuitwaa tena ardhi ya mitambo kule Ruai. Wengi walikuwa na karatasi za kununulia. Atakayetaka kuchora bwawa jipya lazima kwanza aseme nani anaishi pale anapochora, na atakwenda wapi.

Jambo la mwisho ni letu sisi wa Chama. Katika nchi nyingi mabomba ya maji haya hupakwa rangi ya zambarau ili mtu asikosee akayanywa. Rangi pekee haitoshi mtaani kwetu, ambako bomba lolote likipasuka watoto hufika na mitungi kabla ya fundi. Yanahitaji kuandikwa. "Maji taka" siyo tena, "maji safi" bado. Mwenzangu mmoja alipendekeza "maji rejeshi", mwingine "maji ya pili". Mimi nimejaribu kuyasoma yote mawili kwa sauti mbele ya ndugu yangu wa darasa la tatu. La kwanza hakulielewa. La pili alidhani ni maji ya kunywa baada ya chakula. Kwa sasa naelekea kwenye MAJI YA MITI, USINYWE, lakini kama msomaji ana bora kuliko hilo, sanduku la mapendekezo liko mlangoni pa maktaba.