Godauni la zamani kuwa gereji ya pamoja

*Sisi mafundi wanne tunataka kukodi godauni la zamani karibu na bandari ya Kisumu tuligeuze gereji. Tuanzie wapi? – Fundi, Kisumu*

Fundi huyu ana haki ya kusita: jengo la kuhifadhia mizigo halikukusudiwa kubeba mashine za kuinulia magari.

Kwanza, mwenye jengo aombe kibali cha kubadilisha matumizi kutoka kaunti, kwa mujibu wa sheria ya mipango ya ardhi ya 2019.

Paa likiwa la asbesto, lisikatwe wala kutobolewa. Vumbi lake husababisha saratani. Mamlaka ya mazingira, NEMA, iulizwe kwanza.

Sakafu iwe ya zege, na mfereji wake upitie shimo la kutenganisha oili na maji, Ziwa Victoria lisichafuliwe. Oili chafu ihifadhiwe kwenye mapipa yenye vifuniko.

Kuta zikiwa na nyufa, aitwe mhandisi. Mkataba usitiwe sahihi kabla ya kibali.