Maua ya Noeli mu chungu: kazi ya kwanza ni kuyapatia giza



Mara nyingi mu hili gazeti tunazungumza juu ya muhogo, maharagi na kahawa. Leo tuko na mumea wenye haujazi tumbo, lakini unaweza kuingiza makuta kidogo mu mwezi wa kumi na mbili, wakati kila nyumba inatafuta feza ya sikukuu. Ni kaktusi ya Noeli. Watu wenye kuuza maua ku barabara za muji wanajua: chungu yenye kuchanua siku chache mbele ya Noeli inapata munuuzi, na ile yenye majani matupu inarudi nyumbani.

Na hapo ndipo shida iko. Mwaka wa kwanza tulipojaribu hii kazi na kikundi kimoja cha akina mama, walikopa feza mu sanduku ya AVEC yao, wakanunua vyungu na miche. Miche ilikomaa vizuri sana, kijani yenye kungaa. Tuliiweka mu nyumba ya mukutano, ku dirisha, mahali pazuri. Noeli ilifika, hakuna ua hata moja. Akina mama waliniangalia tu, na mimi monitere sikukuwa na jibu. Deni lilipaswa kulipwa na feza ya maharagi.

Lakini vyungu vinane tulikuwa tumevisukuma mu depo juu ya kukosa nafasi. Ile depo ilikuwa na dirisha moja tu, na mama mwenye kuchunga funguo alikuwa anafunga kila kitu saa kumi na moja ya mangaribi, anafungua saa moja ya asubui. Vile vinane vilichanua vyote.

Ili kuelewa sababu, turudi kule mumea ulitoka. Kwao ni Brazili, mu milima ya pwani karibu na Rio de Janeiro. Haumei mu jangwa. Unamea juu ya miti na juu ya mawe mu pori lenye ukungu, na mizizi yake inakula majani yaliyooza mu matawi. Jina lake la kitaalamu, Schlumbergera, lilitolewa mwaka 1858 na Mufaransa Charles Lemaire, kwa heshima ya Mufaransa mwenzake Frédéric Schlumberger aliyekuwa anakusanya kaktusi. Yale tunayoyaita majani si majani, ni shina lenye kubapa, lenye kugawanyika pingili kwa pingili kama mukufu. (Mu pori zetu za Congo kuko ndugu yake, Rhipsalis, yenye kuninginia ku miti kama nyuzi na kuzaa matunda madogo meupe. Ni kaktusi moja tu yenye inapatikana Afrika bila kuletwa na mutu.)

Huu mumea unahesabu usiku. Usiku ukiwa murefu na hewa ikipoa, unaanza kutengeneza matumba ya maua. Huko Ulaya usiku unarefuka kuanzia mwezi wa tisa, kwa hiyo maua yanakuja karibu na Noeli. Huko Brazili usiku unarefuka mu mwezi wa ine na wa tano, na watu wa kule wanauita «ua la mwezi wa tano». Ni mumea ule ule. Sasa angalia kwetu: Bukavu, Goma, Butembo, wote tuko karibu na ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote haifiki hata nusu saa. Usiku wetu ni masaa kumi na mbili mwaka muzima. Kwa hiyo kaktusi haijui kama Noeli imekaribia. Inaweza kuchanua mara moja moja ikipata baridi, ku siku yenye imechagua yenyewe, lakini soko haingojei. Na kama usiku munawasha taa ya jua mu ile nyumba mpaka saa ine, sawa vile tulikuwa tunafanya ku mikutano yetu, munaukata usiku wake vipande viwili. Ndiyo ilituua.

Basi kazi ni hii. Kuanzia tarehe 1 ya mwezi wa kumi, kila siku, patia vyungu giza ya masaa kumi na ine: saa kumi na moja ya mangaribi mpaka saa moja ya asubui. Munaweza kutumia depo yenye kufungwa vizuri. Kama hakuna depo, funika na karto kubwa ao kitambaa cheusi kizito, kilichotandikwa juu ya miti ili kisilalie mimea. Bashi nyeupe haifai, mwangaza unapita. Asubui munafungua, munaiacha ipate mwangaza muchana kutwa. Giza ya muchana na usiku haileti maua, inaleta ugonjwa. Muendelee majuma sita bila kuruka. Hapana kusema «leo niko na kilio, nitafunika kesho». Mupange zamu, na muandike jina ya kila mutu ku karatasi ku mulango.

Kisha majuma ine ao sita mutaona ku ncha ya pingili za mwisho kitu kidogo chekundu ao cheupe, kama ncha ya kiberiti. Hiyo ni tumba. Yakionekana wazi ku vyungu vyote, munaweza kuacha kufunika. Toka siku ya kwanza ya giza mpaka maua kufunguka ni kama majuma kumi. Hesabuni wenyewe: mwanzo wa mwezi wa kumi mpaka kati ya mwezi wa kumi na mbili. Mwenye kuanza mu mwezi wa kumi na moja atauzisha maua ya mwezi wa kwanza.

Baridi inasaidia sana. Mu vilima vya juu, kama upande wa Butembo, usiku wenyewe unafanya sehemu ya kazi. Uvira na Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, joto la usiku linasumbua matumba, na siwezi kushauri koperative ya kule ikope feza kwa hii kazi mbele ya kujaribu na vyungu vitano ao sita.

Kitu kingine cha kufanya ku mwanzo wa giza: pita ku kila tawi, na kama pingili ya mwisho ni ndogo, laini, haijakomaa, izungushe na vidole uitoe. Tumba linakuja ku pingili yenye imekomaa. Siku hizo pia muache kuweka mbolea, na mupunguze maji kidogo.

Juu ya udongo: hapana kujaza chungu na udongo wa shamba mutupu. Unashikana, mizizi inakosa hewa, inaoza. Changanya majani yaliyooza ya pori ao komposti yenye imekomaa, muchanga wa nguvu, na makala iliyopondwa kidogo. Watu wa Goma muko na bahati, vile vijiwe vyepesi vya volkano vinapitisha maji vizuri kuliko kitu chochote. Chungu iwe na tundu chini. Mwangia maji wakati udongo wa juu umekauka ku kidole, na maji yenye kubaki mu sahani umwage. Wengi wanasikia «kaktusi» wanafikiri haitaki maji. Hii ni kaktusi ya pori la mvua, ukiiacha ikauke kabisa pingili zinanyauka. Na jua kali la muchana linaifanya iwe nyekundu. Baraza yenye kivuli na mwangaza inatosha.

Matumba yakishaonekana, ndipo wengi wanaharibu. Yanaanguka kwa sababu ndogo sana: chungu kuhamishwa kila siku, kukauka, maji mengi. Na kuko sababu moja yenye watu hawaijui: ndizi. Ndizi yenye kuiva inatoa hewa fulani yenye kuivisha matunda mengine, na ile hewa inaangusha matumba. Moshi wa mbabula pia iko nayo. Kwa hiyo usilaze vyungu mu chumba cha kuivishia ndizi, wala usivipakize mu gari moja na mikungu ya ndizi kwenda soko. Najua, gari ya soko ni moja na ndizi ndiyo abiria wa kwanza. Hata hivyo, afazali mulipe mutu wa pikipiki na karto.

Wadudu hawasumbui sana. Ukiona kitu cheupe kama pamba mu viungo vya pingili, pangusa na kitambaa chenye maji ya sabuni. Konokono wanakula usiku, chini ya ile karto yenu. Muangalie kila asubui.

Miche munaipata bila feza. Kisha maua kuisha, mu mwezi wa kwanza ao wa pili, zungusha kipande cha pingili mbili ao tatu, kitoke ku kiungo. Kiache kivulini siku mbili kidonda kikauke, kiisha ukichome mu udongo kidogo tu, sehemu ya ine ya pingili ya chini. Vipande vitatu mu chungu moja. Mizizi inakuja mu majuma matatu mpaka sita. Mwaka ule ule vinaweza kutoa maua machache. Mwaka wa pili ndiyo chungu ya kuuzisha bei muzuri. Kwa hiyo musiuzishe vyungu vyote. Mubakize vichache vya mama, vyenye nguvu, vya kutoa miche.

Munuuzi naye umwambie mbele hajaondoka: aiweke mahali pamoja, asiigeuzegeuze, na mbali na ndizi. Akiuliza juu ya nini haikuchanua mwaka unaofuata, munajua jibu.