Matembezi ya Baharini Siku ya Idd: Halali Yake na Haramu Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitiisha bahari kwa waja Wake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baad:

Ni ada ya watu wa pwani, ikiisha Sala ya Idd na wazee kwisha kuzuriwa, vijana hukodi ngalawa au mashua wakaenda visiwani na mafunguni kustarehe. Wa Unguja huelekea Changuu na Bawe. Wa Lamu huvuka kwenda Manda, au huteremka Shela. Wa Mombasa huingia hori la Tudor, au hutoka nje ya mlango. Jambo hili lina halali yake na haramu yake, na mpaka ulio baina ya mbili hizo wengi hawaujui. Na asiyeujua huenda akarudishwa maiti jioni ya siku aliyotoka kwa furaha.

FASLU YA KWANZA: Asili ya jambo hili ni halali

Katika Surat Nahl, aya ya 14, Mwenyezi Mungu amewahesabia waja neema ya bahari: chakula chake, mapambo yake, na vyombo viikatavyo. Wala siku ya Idd si siku ya kununa. Imethubutu katika Sahihi ya Bukhari kuwa Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao msikitini siku ya Idd, na Mtume (S.A.W.) akiwatazama wala hakuwakataza. Basi asemaye kuwa kila matembezi ya baharini ni haramu, huyo amezidisha katika dini lisilokuwamo. Lakini halali hii ina sharti, na sharti yake ni salama.

FASLU YA PILI: Sharti ya salama

Surat Baqara, aya ya 195, yakataza mtu kujitia katika maangamizo kwa mkono wake mwenyewe. Na Imamu Nawawi, katika Minhaj, ameeleza kuwa hata Hija, ambayo ni nguzo ya dini, haimlazimu mtu kuiendea kwa njia ya bahari ila ikiwa salama ndiyo yenye kushinda. Na wanazuoni wa madhehebu wamesema: ikiwa maangamizo ndiyo yenye kushinda, au yakiwa sawasawa na salama, kupanda chombo ni haramu. Basi mwenye akili na apime: ikiwa bahari iliyochafuka yamwondolea mtu faradhi ya Hija, itamhalalishiaje kwenda kula maandazi funguni?

Na katika Musnad ya Imamu Ahmad imepokewa hadithi yenye maana ya kuwa, apandaye bahari wakati wa kuchafuka kwake akafa, himaya imekwisha kumtoka.

Sayyidna Umar (R.A.) alipoombwa na Muawiya ruhusa ya kupeleka jeshi kwa bahari, alikataa kwa kuwahurumia Waislamu. Ruhusa ilitoka zamani za Sayyidna Uthman (R.A.), na katika mwaka wa 28 wa Hijra vyombo vikaenda Kuprosi. Basi hapana awezaye kumwita Umar mwoga. Kujihadhari na bahari si woga. Ni kujua thamani ya roho.

FASLU YA TATU: Salama hujulikanaje

Salama haijulikani kwa kutamani. Hujulikana kwa mambo mawili: upepo na maji.

Ama upepo, kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na kusi hushika tangu Aprili au Mei hata Septemba, na nguvu zake nyingi huwa Juni na Julai. Na mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 10 au 11. Kwa hivyo Idd huzunguka misimu yote kwa kadiri ya miaka 33. Mwaka 2017 Idd ya Fitri iliangukia mwisho wa Juni, katikati ya kusi. Na mwaka 2025 iliangukia mwisho wa Machi, kaskazi ikimalizika. Basi asemaye, “Baba zetu walikwenda siku ya Idd wakarudi salama,” kwanza na aulize walikwenda katika msimu gani.

Ama maji, hapa pana jambo ambalo kila mtu wa pwani amelipita asilitazame. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Na Idd ya Fitri ni mosi Shawwal. Basi haiwi ila katika bamvua, mwaka baada ya mwaka. Ama Idd ya Hija, kwa kuwa ni mwezi kumi, hukuta maji mafu yakianza kuondoka. Idd ya mfungo mosi, basi, ndiyo yenye maji makubwa na mikondo mikali.

Siku hiyo, katika Unguja na Mombasa, maji hupwa sana baina ya saa nne na saa tano asubuhi, yakajaa kadiri ya saa kumi alasiri au baada yake kidogo. Vijana hutoka wakiisha kuswali, wakalikuta fungu limeanuka, jeupe, kubwa kama uwanja; wakatandika mikeka, na chombo wakakiacha mbali. Maji yaanza kurudi, na saa ya kwanza hayaonekani kuwa na haraka, nao wakadhani ndivyo yatakavyokwenda. Lakini maji hayajai kwa kipimo kimoja. Katika saa sita za kujaa, saa ya tatu na ya nne pekee huleta nusu ya maji yote. Bamvua hupanda mita 3 na zaidi. Basi katika saa mbili hizo maji huongezeka mita moja na nusu, kiasi cha kumfika mtu kifuani. Aliyengoja mpaka yamguse miguu amekwisha kuchelewa.

Na jioni maji yakianza kutoka katika mahori kwa nguvu, yakakutana na upepo utokao baharini, wimbi husimama likawa fupi na kali penye mlango. Pahali palipokuwa shwari asubuhi huwa si pale tena. Na katika nchi hizi jua likichwa giza haliingii polepole. Kadiri ya nusu saa hupiti, na njia ya baina ya miamba haionekani.

FASLU YA NNE: Amana ya nahodha na wajibu wa abiria

Nahodha ni mwenye kuaminiwa roho za watu, na hukumu ya salama yafuata maarifa yake. Akisema, “Leo hapana safari,” neno lake ndilo la kufuatwa, wala si halali kumfedhehesha kwa kicheko, au kumwita mwoga, au kumwongezea nauli mpaka akubali. Na nahodha akubaliye naye ajua kuwa bahari ni mbaya, kwa haya au kwa tamaa, ameshiriki katika dhambi pamoja nao, na hasara ya roho haimwondokei kwa kusema, “Wenyewe walitaka.”

Kupakia kupita kiasi ni katika maangamizo hayo hayo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba nayo imepakia watu kupita kiasi chake, ilizama upande wa Nungwi, na waliokufa walizidi 200. Na tarehe 18 Julai 2012, katika msimu wa kusi, meli ya Skagit, ikitoka Dar es Salaam, ilipinduka karibu na Chumbe kwa upepo mkali na mawimbi. Hizi zilikuwa meli kubwa. Basi mashua ya watu kumi iliyotiwa watu ishirini na tano itakuwaje?

Na yawapasa abiria kukaa chini na kutulia. Uzito ulio chini, kama farumi, hukituliza chombo. Uzito uliosimama hukipindua. Watu wakikimbilia wote upande wa demani kutazama pomboo, chombo huweza kulala kisiinuke. Na kila mtu avae boya lake kabla ya kung’oa nanga, maana wakati wa msiba hapana nafasi ya kulitafuta.

FASLU YA TANO: Chombo kikitaabika

Chombo kikikaribia kuzama, yajuzu kuitupa mizigo, na yawajibika ikiwa kwa kuitupa roho zatarajiwa kuokoka. Aliyetupa mali ya mwenziwe bila idhini yake atalipa. Lakini hapana ruhusa ya kumtupa mtu ili wengine wapone, hata mmoja. Na aliyekhofu kuzama au kizunguzungu akisimama, ataswali hali ya kukaa.

MAS-ALA

Swali: Je, aliyekufa maji si shahidi?

Jawabu: Ndiyo, imethubutu katika hadithi sahihi. Lakini wako wanazuoni wa madhehebu waliomtoa katika daraja hiyo yule aliyeasi kwa kupanda bahari ambayo salama yake haikuwa yenye kushinda. Basi asijitie mtu maangamizoni kwa kutumaini ushahidi.

Swali: Je, ajali si imekwisha kuandikwa?

Jawabu: Imeandikwa, na kujihadhari nako kumeamrishwa. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Na ngamia wa mtu wa pwani ni chombo chake: kumfunga kwake ni kutazama upepo, kuhesabu maji, kupunguza watu, na kumsikiliza nahodha. Akiisha kufanya hayo, ndipo aseme, “Natawakali.”

Na mzazi atakaye kumpa mwanawe sikukuu ya Idd asimpe nauli ya mashua kabla ya kumwuliza: nahodha ni nani, watu ni wangapi, na mtarudi saa ngapi? Maswali matatu haya ni mepesi kuliko kungoja ufuoni usiku na taa mkononi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wa bara na bahari, na awarehemu waliozama. Wallahu aalam.